Gari Linalogoma Leo na Kuwaka Kesho

Hotuba hii niliitoa jijini Dar es Salaam kwa vijana wanaojifunza umeme wa magari, pamoja na madereva waliokuja kusikiliza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikapunguza salamu na utani.

Ndugu mafundi, ndugu madereva, wazee wangu shikamooni, na vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie umeme wa magari. Hiyo ni mada ya mwaka mzima, kwa hiyo nimechagua ubovu mmoja, ule unaogombanisha fundi na mteja kuliko mwingine wowote: gari linalogoma kuwaka mara moja moja. Gari lililokufa kabisa halinipi shida. Linavutwa mpaka gereji, linapimwa, na ubovu wake unakusubiri palepale. Hili jingine linawaka Jumatatu, linawaka Jumanne, Jumatano mama wa watu yuko soko la Feri na ndoo za samaki kwenye buti, anazungusha ufunguo, kimya. Anakaa robo saa na hasira zake, anajaribu tena, linawaka. Likifika kwako linawaka kila unapojaribu. Unamwambia, "Mama, gari zima hili," naye anaondoka akijua moyoni kwamba hujui kazi.

Kinachofuata mnakijua. Betri inabadilishwa, wiki mbili salama. Linagoma tena, tunakwenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta stata ya mtumba, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Mwezi mzima salama. Linagoma tena, sasa ni zamu ya swichi ya ufunguo, halafu alternata inayochaji betri, ambayo kwa mgomo wa namna hii mara nyingi haijahusika kabisa. Na kila spea inaonekana imeponya! Hapa ndipo nataka mnisikilize. Ili ubadilishe betri ni lazima ulegeze vibano vyake, uvikwangue na kuvikaza upya. Ili ubadilishe stata unafungua waya mnene na kuukaza upya, unachomoa soketi na kuichomeka. Kama ubovu ulikuwa kwenye kibano au kwenye soketi, umeshautikisa bila kujua, nao umetulia kwa muda. Spea imesifiwa kwa kazi iliyofanywa na spana.

Neno langu la leo ni moja. Ushahidi wa ubovu huu upo wakati gari limegoma tu, na sisi kitu cha kwanza tunachofanya likigoma ni kuufuta. Tunatikisa betri, tunagonga stata, tunaita watu wasukume. Likiwaka tunashukuru Mungu na kuondoka. Kwa hiyo likigoma, msiharakishe kuliwasha. Dakika mbili za kwanza ni za kutazama na kusikiliza.

Madereva, sehemu hii ni yenu. Mkimpigia fundi simu mnasema gari haliwaki, basi. Fundi anahitaji kujua kwanza kama injini inazungushwa au haizungushwi. Kama unasikia injini ikizungushwa kwa nguvu zake zote ila haishiki, tunatafuta kwenye mafuta na moto wa plagi. Kama ni kimya, au mlio mmoja tu halafu kimya, tunatafuta kwenye betri, nyaya na stata. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na pesa nyingi hupotea kwa watu kuingia njia moja wakati ubovu uko njia ya pili.

Tuanze na kimya. Washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha ufunguo huku ukitazama mwanga wake ukutani. Mwanga ukifa, au ukafifia hadi rangi ya chungwa, umeme haupo kwenye betri yenyewe au haupiti kwenye vibano vyake. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka haraka, ni hadithi hiyohiyo: solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Mwanga usipobadilika na husikii chochote, amri ya ufunguo haijafika kwenye stata, kwa hiyo betri iache ipumzike, haina kosa. Na mwanga usipobadilika lakini ukasikia "tak" moja nzito kutoka upande wa injini, amri imefika na imepokelewa, ila ule mkondo mkubwa haukupita. Hapo hujafungua hata boneti. Na kama una simu mkononi, rekodi video wakati unazungusha ufunguo, sauti isikike na dashibodi ionekane. Video ya sekunde kumi aliyoituma mteja kwa WhatsApp ina thamani kwangu kuliko maelezo ya nusu saa.

Hiyo "tak" moja nzito nataka tukae nayo, maana kwenye Toyota zetu ni mgeni wa kila siku. Stata nyingi za kampuni ya Denso zimejengwa kwa namna moja. Ukitaka kuitazama ndani, kwanza unatoa waya wa hasi kwenye betri. Nasisitiza, kwanza, kwa sababu ule waya mnene wa chanya unaofika kwenye stata kwa kawaida hauna fyuzi njiani, na spana yako ikiugusa huku inagusa bodi utaona moto ambao hutausahau. Kisha unafungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi. Ndani kuna vipande viwili vya shaba, na mbele yake kijiti chenye kisahani cha shaba kwenye ncha. Ufunguo ukizungushwa, kijiti kinavutwa, kisahani kinagusa vipande vyote viwili kwa pamoja, na mkondo wa betri unavuka kwenda kwenye mota.

Kila mguso una cheche, na kila cheche inakula shaba kidogo. Mara nyingi kipande cha upande wa betri ndicho huliwa zaidi. Utakikuta cheusi, kimechimbika umbo la ukingo wa kisahani, wakati mwenzake bado ana wekundu wake. Sasa kijiti kinavutwa hadi mwisho, unasikia "tak", lakini kisahani kimegusa upande mmoja na upande wa pili kimebakiza nafasi ya karatasi. Jaribio linalofuata kinatua kwa pembe tofauti kidogo, kinagusa, gari linawaka. Ndiyo maana dereva anakwambia, "Fundi, nikirudia mara nne tano linakubali." Akikwambia hivyo, na taa hazikufifia, usimuuzie betri. Vipande hivyo vya shaba vinapatikana peke yake, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na stata nzima. Mkiwa humo ndani tazameni na kaboni za mota. Zikiisha nazo huleta mgomo wa kubahatisha, na ndizo zinazoitikia mtu akigonga stata kwa nyundo.

Nipite pembeni kidogo. Charles Kettering, Mmarekani aliyefanikisha stata ya umeme iliyowekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, aliona kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo uliopita uwezo wake, mradi iwe kwa sekunde chache tu. Stata ya leo bado inaishi kwa sheria hiyo. Mnaoshikilia ufunguo mpaka stata inatoa harufu, mnaiua ile iliyokuwa nzima. Sekunde kumi zinatosha, halafu ipumzike.

Sasa waya. Hapa naomba wanafunzi watoe daftari, maana hesabu ni fupi na itawaokoa maisha yote ya kazi. Stata ya gari dogo ikizungusha injini inaweza kuvuta ampea 150. Weka kwenye njia yake kutu au uchafu wenye ukinzani wa omu 0.01 tu. Zidisha 150 kwa 0.01, umepoteza volti 1.5 kabla umeme haujafika. Zidisha volti hizo 1.5 kwa ampea 150, wati 225 zimegeuka joto palepale kwenye uchafu. Chukua sasa mita yako, weka kwenye omu, pima waya huohuo. Itakwambia sifuri, au itakuonyesha ukinzani wa nyaya zake yenyewe, ambao ni mkubwa kuliko huo unaoutafuta. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu ndani ya gamba lake utaonekana mzima kwa kipimo cha omu. Kwa hiyo waya mnene haupimwi ukiwa umelala. Unapimwa ukiwa kazini.

Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iweke juu ya kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, si kwenye kibano. Ncha ya pili iweke kwenye kibano. Mwenzako apige stata. Vitu viwili vinavyogusana hivyo havipaswi kuonyesha kitu chochote cha maana. Ukiona nusu volti, mwizi umemkuta na kitu mkononi. Kisha kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye chuma cha injini: ikizidi volti 0.2 au 0.3, tafuta waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kisha kutoka kichwa cha chanya hadi kwenye nguzo nene ya stata: isizidi nusu volti. Betri yenyewe ikiwa imelala na imejaa inasoma volti 12.6 hivi, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka sana, ipeleke ikapimwe chini ya mzigo kabla hujailaumu.

Waya wa athi kati ya injini na bodi huwa unasahaulika mpaka siku ya msiba. Sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar, na wenzetu wa Mombasa, tunakula hewa ya chumvi, na nyaya zetu pia. Kwa nje utaona bolti iko safi. Ifungue, chini ya kikombe chake kuna unga wa kijani. Athi ikikatika, umeme wa stata haukubali kufa, unatafuta njia nyingine ya kurudi betri, na njia hiyo mara nyingine ni kebo ya ekseleta au ya gia. Ukisikia mteja anasema kebo ya ekseleta inakuwa ya moto au imekuwa nzito ghafla, na gari linagoma mara moja moja, nenda moja kwa moja kwenye athi.

Kama taa hazikubadilika na hukusikia hata "tak", swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: gari lina alamu, na nani aliifunga? Magari haya yametoka Japani na nyaya zake nzima. Yakifika hapa tunayafungia alamu, kifaa cha kufuatilia gari, swichi ya siri ya kuzuia wezi. Na fundi alamu hufanya kazi yake kwa kukata waya wa amri ya stata chini ya usukani na kuupitisha kwenye relei yake ndogo, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kiungo kimesokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Miaka miwili ya joto la Dar, gundi ya utepe imeyeyuka, kiungo kimelegea, na gari linawaka siku barabara ikiwa na matuta na kugoma likiegeshwa penye usawa, au kinyume chake. Sijui ni magari mangapi yamebadilishiwa stata kwa sababu ya sentimita mbili za waya ule. Ukishaondoa shaka hiyo, kwa gari la otomatiki jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likikubali, tazama swichi ya gia. Kwa manyuo, tazama swichi iliyo juu ya pedali ya klachi, kama gari lako inayo. Na taa ya ufunguo ikiendelea kupepesa kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa pili kabla hujagusa kitu kingine.

Njia ya pili nitaipita haraka: injini inazungushwa vizuri lakini haishiki. Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata, zima redio, nyamaza. Kwenye magari mengi ya injekta utasikia pampu ya mafuta ikiguruma kwa sekunde mbili upande wa tangi. Usipoisikia wakati limegoma, umeshapata pa kuanzia. Honda za miaka ya 1980 na 1990 zilijulikana kwa jambo hili: relei kuu ya mafuta, iliyo chini ya dashibodi, viungo vyake vya lehemu vilipasuka nyufa ndogo ndogo. Gari likiegeshwa juani madirisha yamefungwa, joto linatanua chuma, ufa unafunguka, pampu haipati umeme. Mwenye gari anafungua milango, anapunga hewa, baada ya muda linawaka, naye anaamini limependa upepo. Fundi aliyejua aliitoa ile relei na kuilehemu upya.

Joto ni rafiki wa fundi kwenye ubovu huu, maana unaweza kuuita kwa hiari yako. Ukishuku relei au moduli, ipashe kwa drai ya saluni gari likiwa linanguruma. Ukishuku sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka, ile inayogoma injini ikiwa ya moto na kukubali ikipoa, tazama mshale wa mizunguko ya injini wakati wa kupiga stata: kwenye magari mengi mshale usipotikisika hata kidogo, sensa hiyo haijaongea na kompyuta hiyo.

Kuna gari jingine linagoma kwa kalenda. Linagoma kila Jumatatu. Mwalimu analiegesha Ijumaa jioni na kulirudia Jumatatu alfajiri, saa 58 hivi. Kama redio au alamu iliyofungwa vibaya inanyonya ampea 0.6, zidisha: karibu ampea-saa 35 zimekwenda, kwenye betri ya ampea-saa 60. Katikati ya wiki haligomi kwa sababu halilali muda huo. Unyonyaji wa kawaida ni ampea 0.05 au chini ya hapo. Unapopima, weka mita katikati ya waya wa hasi, funga milango, subiri vifaa vya gari visinzie, hata nusu saa, na yeyote asithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua.

Sasa, gari likikataa katakata kugoma mbele yako? Hapa ndipo natumia kitu ambacho nawasihi muige. Chukua balbu ndogo ya volti 12, ile ya dashibodi. Waya mmoja utoke kwenye nguzo ndogo ya solenoidi, ile inayopokea amri ya ufunguo, upite kwenye fyuzi ndogo karibu kabisa na stata, uufunge vizuri mbali na ekzosi na feni, uuingize ndani ya gari. Waya wa pili uupe athi nzuri. Balbu uibandike kwa utepe mahali dereva anapoiona. Mpe mteja gari lake aende. Siku litakapogoma, kazi yake ni kutazama balbu huku ameshikilia ufunguo, na kukupigia simu. Ikiwaka kwa nguvu na stata imenyamaza, ubovu uko kwenye stata, waya mnene au athi. Isipowaka kabisa, uko nyuma: swichi, alamu, relei, swichi ya gia. Ikiwaka hafifu na taa kubwa zina nguvu, volti zinapotelea njiani, na mara nyingi ni ndimi za swichi ya ufunguo zilizochoka. Kwa gari lile linalozungushwa bila kushika, weka balbu ya pili kwenye waya wa pampu ya mafuta. Gharama yake ni ndogo, nayo hukaa kwenye gari hata miezi miwili ikisubiri.

Wengine mtasema siku hizi kuna mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ipo, nami ninayo. Lakini mashine inakusomea kile ambacho kompyuta inakitazama, na kompyuta nyingi za magari tunayoyatengeneza hapa hazitazami kibano cha betri wala shaba ya solenoidi. Volti zikianguka vibaya, inaweza hata kukuandikia makosa ya sensa ambazo ni nzima.

Andikeni pia. Tarehe, limegoma likiwa la moto au la baridi, taa zilifanyaje, umegusa nini. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliita magari yapatayo milioni 2.6 kwa ajili ya swichi ya ufunguo ambayo ingeweza kujizima gari likiwa mwendoni, hasa bunda la funguo likiwa zito. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Miaka kabla ya hapo swichi ilikuwa imerekebishwa kiwandani bila kubadilishwa namba yake, kwa hiyo waliochunguza ajali walikuwa na swichi mbili tofauti zenye jina moja na hesabu zao hazikukaa sawa. Wale ni wahandisi wenye maabara. Wewe mwenye daftari la shilingi mia tano, kumbuka kuandika ulichobadilisha. Na madereva, hayo mabunda ya funguo za nyumba, duka na geti la shamba, yatoeni kwenye ufunguo wa gari.

La mwisho ni malipo. Mteja hulipa spea bila kuuliza, lakini ukimwambia nimetumia saa tatu kutafuta, anaona umemwibia. Mwambieni bei ya kutafuta kabla hamjafungua boneti, na mwambieni kwamba ni bei ya kutafuta. Akikataa, mwacheni aende. Heri hivyo kuliko kumuuzia stata ili tu apate kitu cha kushika mkononi.

Baada ya hapo tulipokea maswali. Dereva mmoja aliuliza kama ni vibaya kugonga stata kwa nyundo, kwa sababu yake huitikia. Nilimjibu kwamba agonge akishatazama taa na kusikiliza, na agonge kwa upole, maana stata nyingine zina sumaku za kudumu ndani na zikipasuka amejiuzia stata. Dada mmoja aliuliza kuhusu kusukuma gari la otomatiki. Magari mengi ya otomatiki ya leo hayawaki kwa kusukumwa, dada yangu, mnachosha vijana wa watu bure. Na kijana aliyeuliza kuhusu kuunganisha nguzo za solenoidi kwa bisibisi nilimtaka anijibu kwanza gia iko wapi na breki ya mkono iko wapi, maana watu wamekanyagwa na magari yao wenyewe kwa mchezo huo.

Ndipo dereva wa nyuma akasema la kwake liko nje chini ya mwembe, limegoma tangu alipofika. Nikamuuliza, umelijaribu tena? Akasema bado. Vizuri sana, nikamwambia, usilijaribu mpaka tufike. Nani ana mita?